Suti ya Bandi

Februari, theluji ya Łódź imegeuka tope,
nimeshuka kwenye tramu kugeuza njia ya reli
kwa nondo ndefu, mikono yote miwili juu ya nondo,
na suruali ya sare, namba hamsini na nane,
ikaamua kushuka bila kuniuliza.
Abiria watatu na mbwa mmoja waliona.
Ni mbwa tu aliyetazama pembeni.

Kilo kumi na tisa zimekwenda, sijui zimekwenda wapi.
Daktari alisema goti, sikumsikia.
Alisema moyo, nikaacha soseji za usiku.
Mshipi nimeutoboa kwa msumari, tundu la nne, la tano,
ncha yake yaning'inia kama ulimi wa mtu aliyekimbia.

"Si ununue nyingine," wananiambia kazini.
Ya namba gani? Hamsini na sita ni ya leo.
Mwezi wa Mei nitakuwa nani?
Nikinunua ndogo, najitabiria.
Nikinunua ya leo, namvisha mpita njia.
Nikibaki na hii, kila alfajiri naingia
katika nyumba ya mtu aliyehama
na taa zake bado zinawaka.

Ludmiła ataka kabati lote liende kanisani.
"Unamngojea nani?"
Sikumjibu. Niliwahi kukonda, miaka ile,
nikagawa kila kitu kwa mbwembwe,
na Krismasi ya pili nikaingia duka la mitumba
kununua koti langu mwenyewe.
Mfukoni mlikuwa na leso yangu.
Nililipa, sikuomba hata kupunguziwa.

Mwili haujengwi kwa matofali, husema wanaokukaribisha chakula.
Wala haubomolewi kwa nyundo.
Hupungua kimya, wewe umelala,
na kurudi hurudi kimya vilevile,
umelala vilevile.

Juni Jagna anaolewa.
Nikampelekea Bi Genowefa kitambaa, mita tatu na nusu, kijivu.
Akanizungushia futi, akaizungusha tena,
akaikunja, akaiweka mezani.
"Sikati," akasema, pini zikiwa kati ya midomo.
"Kitambaa hakikatiwi mtu aliye safarini. Rudi ukifika."
"Nitajuaje nimefika?"
Akatema pini moja.
"Utachoka kujitazama."

Basi kukawa na Zenon, dereva wa zamu ya jioni.
Aliacha sigara mwaka mpya, akashika mkate.
Mimi nateremka, yeye anapanda.
Wiki moja ya Machi tukawa kiuno kimoja,
hamsini na sita kwa hamsini na sita,
kama tramu mbili zinavyopishana daraja la reli,
dereva kwa dereva, kiganja juu, kwaheri.
Baada ya hapo alichukua suruali zangu tatu.
Nami nikachukua zake mbili, zenye harufu ya tumbaku.
Hatukulipana. Hatukusemana.
Kila mmoja alijua mwenzake anakwenda wapi,
na kwamba barabara ile inapitika pande zote mbili.

Mashati nimetoa. Sweta nimetoa.
Koti moja la hamsini na nane lipo nyuma ya mlango.
Simngojei, Ludmiła.
Ila akija, asikute baridi.

Mwishoni mwa Mei nilirudi kwa Bi Genowefa.
Sikuwa nimefika; harusi ndiyo iliyofika.
Akakata, huku akinung'unika,
akaacha upana wa vidole viwili kila mshono
na ubavuni akashona bandi tu, uzi mweupe, hatua ndefu,
"ili uweze kuifumua," akasema,
bila kusema kuelekea wapi.

Nilicheza na Jagna dansi ya pili, ya kwanza si yangu.
Aliweka mkono begani, akaukosa, akautafuta tena,
"Baba, mbona umekuwa karibu?"
Hapo nikasikia ubavuni, tk,
uzi mmoja umekatika.
Sijui kama ni mwili unarudi
au nilivuta pumzi kuliko kawaida.
Pini ninayo mfukoni.
Tukaendelea.